Spika ya omu 4 na ya omu 8: ukifika kaunta uchukue gani?

Juzi nilikuwa Luthuli, ile barabara ya maduka ya elektroniki Nairobi, na binamu yangu, anatafuta spika za keja, na jamaa wa duka akatoa mbili akaweka juu ya kaunta. Zote inchi sita na nusu, koni inafanana, sumaku zinalingana, bei moja, tofauti ni stika ya nyuma tu, moja imeandikwa 4Ω na ingine 8Ω. Binamu akauliza sasa hapo poa ni gani. Jamaa hata hakufikiria, "Chukua ya nne bosi, hiyo ndio inapiga." Ukitembea maduka matatu mbele utapata mwingine anakuambia chukua ya nane ndio kubwa, si nane ni nyingi kuliko nne? Kila mmoja hapo ana kaukweli kidogo na uongo kidogo, na mimi nimechoka kueleza hii kitu kwa simu kila wikendi, kwa hivyo wacha niiandike yote mara moja, nikiulizwa tena natuma hii.

Kama uko kwa mathree na data inaisha: amplifaya ya stima ya nyumba, ya kanisa, ya kukodisha, chukua 8. Gari ama kitu chochote cha betri ya 12V, chukua 4. Na kama ulishanunua amplifaya tayari, igeuze usome penye waya za spika zinaingia, hicho kimeandikwa hapo ndio sheria hata mimi nikisema vingine. Wengine tubaki.

Omu sio nguvu

Hii ndio ya kutoa kwa kichwa kwanza. Omu inakuambia spika inazuia stima kiasi gani, haikuambii spika ina nguvu kiasi gani. Fikiria tanki la maji juu ya ploti. Vile tanki liko juu ndio volti, na bomba lako ndio spika. Bomba jembamba ni omu 8, bomba nene ni omu 4. Tanki ni lile lile, presha ile ile, lakini bomba nene linamwaga mara mbili. Ndio maana ya nne "inapiga". Sasa kuna ile pampu ya keateka huko chini inapandisha maji, hiyo ndio transfoma na transista za amplifaya yako, na kama ilinunuliwa ya kulisha bomba moja jembamba halafu watu wakafungua mabomba manne manene saa moja asubuhi, uliza mtu yeyote anaishi ghorofa ya saba mtaa wa Pipeline kunaendaga aje.

Hesabu yake inatoka kwa sheria ya yule Mjerumani Georg Simon Ohm, aliyoichapisha 1827 na mpaka leo haijabadilika. Wati ni volti mara volti, ugawanye na omu. Chukua amplifaya inatoa 20V. 20 mara 20 ni 400. Gawanya na 8 unapata wati 50, gawanya na 4 unapata 100, gawanya na 2 unapata 200. Inakaa ni kama wati za bure lakini angalia upande wa ampea: 20 gawanya na 8 ni ampea 2.5, na 4 ni ampea 5, na 2 ni ampea 10. Hizo ampea zinatoka mahali, zinapitia kwa transista, kwa transfoma, kwa waya, na kila penye zinapita zinaacha joto. Kuna mtu analipa hizo wati na ni amplifaya.

Halafu hata hizo wati mbili kwa moja huwa ni za karatasi tu. Amplifaya nyingi hazifiki. Angalia TDA2030, ile IC ndogo ya miguu mitano iko kwa sabwufa nyingi sana za bei ya chini, ukifungua utaikuta imefungwa kwa kipande cha bati. Mtengenezaji mwenyewe anaihakikishia wati 12 kwa omu 4 na wati 8 kwa omu 8. Sio 16 na 8, ni 12 na 8. Panda mpaka kwa amplifaya za kazi, Crown XLi 2500 inaandikwa wati 500 kila upande kwa omu 8 na 750 kwa omu 4. Hiyo ni mara moja na nusu. Sababu ni ile pampu tu, ukivuta ampea nyingi transfoma inalegea, volti zinashuka, hesabu inaharibika.

Na sikio nalo linakudanganya zaidi. Ukiongeza wati mara mbili kamili unapata desibeli 3. Desibeli 3 unaisikia lakini sio ile ya mtu kuruka kitini. Ili sauti isikike kama imekuwa mara mbili unahitaji kama desibeli 10, na hiyo ni wati mara kumi. Sasa kutoka 500 kwenda 750 ni chini ya desibeli 2. Yaani yule jamaa wa kaunta anakuuzia "inapiga" ya desibeli 2, hiyo hata ukisogeza kiti karibu na spika unaipata.

Namba yenye ingefaa uulize ni sensitiviti, yaani spika inatoa sauti kubwa kiasi gani ukiipa wati moja, zile dB (desibeli) zinaandikwa kando ya wati na hakuna mtu huziangalia. Spika ya omu 8 yenye sensitiviti ya 95dB kwa wati moja, ukiipa wati 100 inaenda 115dB. Spika ya omu 4 yenye 87dB, ipe hata wati 200, inaishia 110. Ile ya "nguvu kidogo" imeipita mbali na amplifaya imetumia nusu. Lakini hapa pia kuna mchezo, soma vizuri. Kuna wenye wanapima kwa wati moja na kuna wenye wanapima kwa 2.83V. Kwa spika ya omu 8, 2.83V ni wati moja kamili. Kwa spika ya omu 4, 2.83V ni wati mbili. Kwa hivyo ya omu 4 yenye imeandikwa 90dB kwa 2.83V, ukweli wake ni 87dB kwa wati moja. Hapo hakuna uongo, ni vile tu imeandikwa na wenye wanajua hautauliza.

Ile Jumapili

Mimi 8 sikuipenda kwa kusoma. Kuna kanisa la mabati huko Kayole nilikuwa nasaidia mitambo, amplifaya moja ya chaneli mbili, nyuma imeandikwa chini kabisa omu 4 kila chaneli. Nilikuwa nimefunga spika mbili za omu 8 kila upande, zinaenda paralo, yaani kila spika inaungwa yenyewe moja kwa moja kwa amplifaya, 8 mbili paralo ni 4, sawa kabisa, imekaa miaka bila shida. Halafu kwaya wakalia hawajisikii, wanataka monita, spika za kuwageukia wao. Nikapata mbili za omu 8 za mkono wa pili, na kwa sababu kile kiwaya kilikuwa karibu nikazidunga zote mbili kwa chaneli ya kushoto. Nilijaribu Jumamosi jioni ikaimba vizuri. Nikaenda kulala mtu wa maana.

Jumapili kama saa sita mchana, bati limewaka, mchungaji ameshika moto na kinanda kiko chini yake, chaneli ya kushoto ikanyamaza. Nikazima, nikawasha, ikarudi. Dakika tano ikanyamaza tena. Hapo ndio mtu mwenye akili anachomoa zile monita, lakini mimi nilikuwa naangaliwa na kanisa nzima kwa hivyo nikazima nikawasha tena, na mara ya tatu haikunyamaza, ilitoa ile mlio mzito mmoja wa "mmmm" na harufu yenye kila fundi anaijua, na wufa moja ikasukuma koni nje ikakaa hapo.

Jumatatu nikaipeleka River Road kwa mzee mmoja ananitengenezeaga, yuko juu ghorofani, kachumba kamejaa redio mpaka mlangoni. Akafungua mfuniko, akashika mita akaweka kwa pea ya kwanza ya transista, C5200 na A1943. Ikalia. Ya pili ikalia. Zote upande wa kushoto zimeshoti. Akaniangalia juu ya miwani.

"Ulifunga ngapi hapa, kijana yangu?"

"Nne, mzee."

"Nne za nane?"

"Ndio."

"Paralo zote?"

Nikanyamaza. Akacheka pole pole akarudisha mita kwa droo. "Wewe hukufunga spika. Ulifunga pasi."

Nne za omu 8 paralo ni omu 2. Nilikuwa nimeambia amplifaya ya omu 4 itoe ampea mara mbili ya zile ilitengenezewa, ndani ya nyumba ya bati, saa sita. Na ile kunyamaza mara ya kwanza haikuwa kuharibika, ilikuwa inajilinda, ilikuwa inaniomba. Ikizima yenyewe ikirudi ikizima, usiwashe tena. Hesabu spika.

Sasa hapo ndio tofauti kubwa ya 4 na 8 kwangu mimi, na hakuna stika inaionyesha. Ukinunua 8 umebaki na nafasi. Leo una moja, amplifaya iko raha. Kesho unaongeza ya pili paralo, unafika 4, bado uko ndani. Ukinunua 4 umefika mwisho wa barabara na spika moja, ukiongeza ya pili paralo ni 2 na amplifaya nyingi za nyumba na za kukodi hazitaki kusikia hiyo. Utasema nitazifunga sirizi, moja nyuma ya ingine kwa waya mmoja, sawa, 4 mbili sirizi ni 8, inafanya kazi kama spika zenyewe ni pacha kabisa. Lakini moja ikikatika zote zimelala, na kama hazifanani zinagawana stima vibaya. Mtu wa kanisa, wa hafla, wa ruracio (sherehe ya mahari), lazima siku moja ataongeza spika, mimi sijawahi ona mwenye amepunguza.

Na usichanganye 4 na 8 kwa laini moja ukidhani zitagawana nusu kwa nusu. Paralo, ya 4 inakula wati mara mbili ya ya 8. Sirizi inageuka, ya 8 ndio inakula mara mbili. Unapata moja inapayuka na ingine inanong'ona, halafu unalaumu miksa.

Ukibriji ndio mbaya zaidi. Ukibriji chaneli mbili kuwa moja, kila chaneli inaona nusu ya omu za spika. Spika ya 8 inaonekana kama 4, ya 4 inaonekana kama 2. Ile Crown niliyotaja inatoa wati 1500 ikibrijiwa kwa omu 8, na hiyo 1500 ukiangalia ni zile 750 za omu 4 mara mbili, haijatoka mbinguni. Kwa hivyo kama amplifaya yako inasema chini kabisa 4, kubriji ni spika ya 8 peke yake. Mwenye amenunua sabwufa ya omu 4 akitaka kubriji amejifungia nje.

Waya

Hii naipitia lakini ina uchungu wake. Waya pia ni omu, na spika ya omu 4 inauhisi mara mbili. Waya wa shaba wa 1.5mm, ule wa taa za nyumba, ukiuvuta mita 20 mpaka nyuma ya kanisa, kwenda na kurudi ni mita 40, hiyo ni karibu nusu omu. Kwa spika ya omu 8 unapoteza karibu 10% ya wati njiani. Kwa spika ya omu 4 unapoteza kama 20%. Yaani zile desibeli 2 ulizonunua kwa kuchukua 4, moja nzima imebaki kwa waya inapasha ukuta joto. Ukitumia 2.5mm inapungua. Na kabla ulipe kwangua ncha na wembe, kuna waya nyingi ni aluminiamu imepakwa shaba juu, ndani nyeupe pe, hiyo omu zake ni nyingi kuliko shaba ya ukweli na inauzwa imeandikwa "waya wa spika" na picha ya gitaa.

Kwa mbali sana, shule, msikiti, soko, achana na 4 na 8 yote mawili. Hapo unaenda laini ya 100V, ukigeuza amplifaya kama zile za Ahuja utaona nyuma kuna 4, 8, 16, halafu 70V na 100V. Kila honi inakuwa na katransfoma kake, honi ya wati 10 inaonekana kama omu 1000, na hauhesabu omu tena, unajumlisha wati tu mpaka zikaribie za amplifaya basi. Rahisi mpaka inaboesha.

Gari ni dunia ingine

Hapa ndio jamaa wa "chukua ya nne" anashinda na sina ubishi. Gari likiwa linanguruma lina kama 14.4V, na redio ya kawaida haina kitu cha kupandisha hizo volti. Kilele chake ni hiyo 14.4, ukibadilisha kwa hesabu ya RMS, yaani kiwango cha kufanya kazi sio cha kilele, ni kama 10V. 10 mara 10 ni 100, gawanya na 4, wati 25. Huo ndio ukuta, haijalishi uso wa redio umeandikwa 50W×4 kwa maandishi ya dhahabu, na ukitoa zenye zinapotea ndani unabaki na kama 20. Sasa weka spika ya omu 8 kwa hiyo redio, wati 12. Umejinyima nusu bila sababu. Tanki liko chini na haliwezi kupanda, kwa hivyo njia ni bomba nene, ndio maana spika za gari karibu zote ni 4. Ukiona mtu ametoa spika za homthieta za 8 akaziweka kwa mlango wa Probox akashangaa zinanong'ona, ni hiyo.

Wenye wanajenga mathree wanaenda chini zaidi, omu 2, omu 1, kwa sababu wanaweka amplifaya kubwa yenye ina mtambo wake wa kupandisha volti na imetengenezewa hiyo shida. Hapo choice yako sio 4 na 8 tena, ni sabwufa ya koili mbili za 2 au koili mbili za 4. Ya koili za 2, ukiunga paralo unapata 1, sirizi unapata 4. Ya koili za 4, paralo ni 2, sirizi ni 8. Amplifaya ya mono inaweza omu 1, nunua ya 2. Inaishia omu 2, nunua ya 4. Ukikosea, mfano una amplifaya ya omu 2 na sabwufa ya koili za 2, umekwama, ni ama uichome na 1 ama uinyime na 4, hakuna katikati. Na kabla ushangilie wati 1000, hizo kwa amplifaya ya daraja D yenye inapoteza kidogo tu bado ni kama ampea 90 kutoka kwa betri na altaneta. Ukiona taa za dashi zinapunga na besi, tanki limeisha maji.

Mkono wa pili na zile stika

Homthieta za DVD zimejaa mtaani, sanduku lilikufa, spika ziko sawa, zinauzwa peke yake kwa bei nzuri. Geuza usome. Nyingi ni omu 3, zingine 4, zingine 6, kwa sababu ziliendana na sanduku lao tu. Ukienda kuzidunga kwa risiva ya nyumba yenye inasema 6 mpaka 16 unarudi kwa ile hadithi ya pasi. Risiva zingine nyuma zina kaswichi ka 4/6/8, watu wanadhani ni ka kuongeza nguvu, mara nyingi kazi yake ni kupunguza volti ndani ili isichemke, ukiweka 4 unapata usalama na wati pungufu.

Stika za wati sizijibu tena. Sabwufa imeandikwa wati 20,000 PMPO, zile wati za kilele za matangazo, na inakuja na plagi ya 13A. 240V mara ampea 13 ni wati 3,120, hiyo ndio yote soketi ya ukutani inaweza kutoa kabla fyuzi iende, sasa hizo 17,000 zingine zinatoka wapi, maombi? Tafuta neno RMS, na omu kando yake. Wati bila omu kando yake ni hadithi, kwa sababu wati 100 kwa omu 8 ni mashine kubwa kuliko wati 100 kwa omu 2.

Kuhusu sauti yenyewe, gani ni tamu? Hakuna. Besi ya 8 inashikwa vizuri kidogo na amplifaya ile ile, ukweli, lakini usinunue kwa hiyo, kabati mbaya litakuharibia zaidi. Omu hazina utamu.

Sasa turudi kaunta

Nikamwambia binamu ngoja, mita iko kwa begi. Hii ndio ningependa kila mtu abebe, mita ya bei ya chini tu. Spika isiwe imeunganishwa na kitu, weka mita kwa omu za chini kabisa, gusa ncha mbili zenyewe kwa zenyewe kwanza uone waya wa mita unasoma ngapi utoe hiyo, halafu gusa vidole vya spika. Usitegemee kuona 8 kamili. Mita inapima waya wa koili ikiwa imetulia, na zile omu za stika, ile impidansi, ni za spika ikiwa inaimba, tena zinapanda na kushuka na noti, mahali zinafika hata 30 na mahali zinashuka, viwango vya IEC, lile shirika la kimataifa la viwango vya umeme, vinaruhusu zishuke mpaka 80% ya zile zimeandikwa, yaani 6.4 kwa ya 8 na 3.2 kwa ya 4. Kwa mita spika ya 8 husoma kama 5.5 mpaka 7. Ya 4 husoma kama 3 mpaka 3.7.

Yenye stika ya 4, nikasoma 3.4. Sawa.

Yenye stika ya 8, nikasoma 3.5.

Nikasafisha ncha na kidole nikarudia. 3.5. Nikamgeuzia jamaa mita. Akaangalia, akaangalia stika, akasema "Aa bosi, hiyo stika inakujanga hivyo." Sijui kama ni yeye aliibandika ama ilitoka hivyo kiwandani na sikuuliza, lakini fikiria mwenye angechukua nne za hizo, afunge mbili paralo kila upande akijua amefika 4, kumbe yuko 2.

Sasa amplifaya ya binamu ni kakitu kadogo tu, kale kabodi ka TPA3116 kanakula chaja ya laptopu ya 19V. Kanaenda na 4 bila kulia, na kwa 19V hesabu inasema karibu wati 45 kila upande kwa omu 4 na karibu 22 kwa omu 8, ingawa chaja yake ni ya wati 65 zote kwa jumla kwa hivyo hapo chaja ndio mkubwa wa nyumba. Muziki hauvuti wati zote kila saa, kwa bedsita inatosha mpaka jirani agonge. Hapo volti ni chache kama kwa gari, kwa hivyo nilimwambia 4 ndio yako, chukua.

Akachukua zote mbili, na kwa kuwa ile ya 8 kumbe ni ya 4 akaomba apunguziwe mia tatu kwa sababu ya stika. Jamaa akampunguzia mia mbili.